Vyungu Kumi na Tisa vya Kiboko

— Paukwa!
— Pakawa!
— Pakawa na nini?
— Na kiwanja!
— Kiwanja kina nini?
— Kina nyasi!
— Nani atazikata?
— Hakuna!

Mmeitika kivivu, kama watu walionyimwa chai. Sawa. Nami leo sina raha, kwa hiyo tutaelewana. Kaeni mbali mbali, na mwenye kukohoa akohoe kwenye kiwiko chake, asinikoholee mimi.

Hapo zamani kikohozi kiliingia msituni. Kho, kho, kho! Kilianza kwa akina Swala, kikapita kwa akina Kanga, na kila kilipopita kiliacha matanga. Wazee wakazungumza, kila mmoja mlangoni kwake, wakapitisha sheria mbili tu. Ya kwanza, hakuna kukusanyika. Ya pili, hakuna kugusa chungu cha nyumba nyingine. Atakayegusa ataingia karantini, siku kumi na nne kwa kila chungu. Mlinzi akateuliwa Kiboko. Kwa nini Kiboko? Kwa sababu ni mkubwa. Wazee nao huchoka kufikiri.

Sheria zilikuwa nzuri, sitaki mtu aniambie vingine. Lakini Siku ya Mavuno ilikuwa inakaribia, na siku hiyo watu wa Mlimani hucheza kandanda na watu wa Bondeni. Kabla ya mpira kuna mchezo wa kutambua chungu: mtu hufungwa kitambaa machoni, huonjeshwa chakula, kisha humtaja aliyepika. Mshindi husifiwa mwaka mzima. Kiboko alijaribu kila mwaka na kila mwaka alishindwa, maana alimeza kabla ya kuonja.

Sasa, huko Bondeni aliishi Kindi na babu yake. Kifua cha babu kilikuwa kimekwisha, na alikuwa na neno moja tu, asubuhi na jioni.

"Mjukuu wangu, nataka nikuone ukipiga mpira Siku ya Mavuno. Mwakani sitakuwepo."

"Babu, hata mwaka jana ulisema hivyo."

"Mwaka jana nilikuwa nadeka. Mwaka huu nasema kweli."

Kindi akamwendea Kiboko, akasimama mbali.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Una nini?"

"Naomba siku hiyo nipige mpira peke yangu, babu anione toka mlangoni. Mtu mmoja si mkusanyiko."

"Chungu chenu kina nini?"

"Uji wa babu."

"Lete nikague, kisha nitafikiri."

Gwap! Uji ukaisha.

"Nimefikiri," akasema Kiboko. "Hapana."

Ndivyo alivyokuwa. Puu, puu, puu, mpaka kwa Bi Kanga. "Chungu kina nini?" "Kunde, mzee." "Lete nikague." Gwap! Puu, puu, puu, mpaka kwa Mama Swala. "Chungu kina nini?" "Ugali wa uwele, mzee." "Lete nikague." Gwap! Puu, puu, puu, kwa Bata, kwa Ngedere, kwa Nungunungu. Watu wakalala njaa. Babu akazidi kukonda, na Kindi akaona uchungu ambao hakuwa na pa kuupeleka.

Siku ya Mavuno ikafika. Ngoma hakuna, vigelegele hakuna. Watu walikaa milangoni wakitazama kiwanja kilichoota nyasi. Wengine walilia waziwazi, na sioni aibu iko wapi.

Kindi akapanda juu ya paa, akapaza sauti. "Jamani, mpira hatuna, ngoma hatuna. Tutambue vyungu kwa maneno tu, kila mtu akiwa kwake. Ila Mzee Kiboko tumwache apumzike. Tumbo analo, ulimi hana."

Puu, puu, puu. "Nani hana ulimi?"

"Watu ndio wanasema, mzee. Mimi mtoto tu."

"Niulize."

"Kunde za Bi Kanga zikoje?"

"Chumvi imezidi. Tena huziunguza chini."

Watu wakamsikia Bi Kanga akiguna.

"Ugali wa Mama Swala?"

"Una mchanga. Mvivu wa kupepeta yule."

"Na uji wa babu yangu?"

"Maji matupu."

Kiboko akanogewa. Hakungoja tena kuulizwa. Akavitaja mwenyewe, nyumba kwa nyumba, mpaka vikatimia vyungu kumi na tisa, kila kimoja na aibu yake. "Je, nimeshinda?"

"Umeshinda, mzee. Hongera."

Ndipo Mzee Kobe, mtunza sheria, akatoa kichwa polepole. "Vyungu kumi na tisa. Kila kimoja siku kumi na nne. Ngojeni nihesabu." Wakangoja. Wakangoja sana. "Siku mia mbili sitini na sita."

"Mimi nilikuwa nakagua," akasema Kiboko.

"Sheria haina neno kukagua."

Lakini nani angemsukuma Kiboko? Hakuna. Kindi akasema taratibu, kama anayejisemea, "Aliye karantini hupelekewa chakula na kila nyumba."

"Kila nyumba?"

"Kila nyumba, mzee. Kila siku."

Puu, puu, puu, akaingia mwenyewe kwenye boma la miiba, ndiyo karantini yenyewe. Mzee Kobe akafunga lango. Na chakula kikaja kweli, kila nyumba kijiko kimoja. Cha Bi Kanga kilikuwa chumvi tupu.

Ngedere akaruka nje. "Mlinzi hayupo, tucheze wote!" Watu wakaanza kutoka. Kindi akawazuia.

"Rudini ndani. Mwongo ni Kiboko. Kikohozi si cha uongo."

Walimtukana sana, kisha wakarudi. Kindi akaingia kiwanjani peke yake na mpira wake wa majani ya mgomba, nyasi zikimfika shingoni. Babu alikaa mlangoni, amejifunika blanketi.

"Golini yuko nani? Sioni mbali."

"Hakuna mtu, babu."

Kindi akapiga. Mpira ukapita pembeni.

"Hakuna mtu, na bado umekosa?" Babu akacheka, akacheka, mpaka kho, kho, kho! "Rudia. Usinitie aibu mbele ya watu wa Mlimani."

Akarudia mpaka miguu ikamwisha.

Babu hakuyaona mavuno mengine. Alizikwa na watu wanne waliosimama mbali mbali, na waliobaki walimlilia milangoni kwao. Kindi alikuwa amemshinda Kiboko, na siku hiyo ushindi haukumfaa kitu. Nyasi zilipokuja kukatwa na watu wakarudi kucheza, yeye alikaa nje ya mchezo, akishangilia kwa sauti ndogo.

Mbona mmenyamaza? Haya, chukueni fundisho, maana bila fundisho mtasema bibi kawaonea. Ukila chakula cha watu, usiseme chumvi imezidi. Kula, futa mdomo, nyamaza. Utakuwa mlinzi mpaka uzeeni, na watu watakuamkia.

Hadithi yangu imefika mlangoni, na nje haitoki. Anayeitaka aje aichukue, mmoja mmoja.