Sentensi Iliyobaki Kwenye Kioo

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Maana yake ni kwamba jambo dogo ukilipuuza leo, kesho litakuwa balaa usiloweza kulibeba. Waliosema hivyo hawakujua kompyuta, lakini walitujua sisi.

Mama Kurasa alikuwa mpangaji wa maandishi katika duka la uchapaji lililobanwa kati ya kinyozi na muuza vioo. Jina hilo alibandikwa na wateja, maana ukurasa ukipita mikononi mwake ulipendeza kama bibi harusi. Kwa kazi alikuwa hodari kama mchwa. Kwa ubishi alikuwa jiwe.

Wiki hiyo programu yake ya kupangia kurasa ilianza vituko. Kidirisha cha herufi kilitoweka, kikaibukia pembeni. Kioo cha kompyuta nacho kikawa kinaganda: akifuta neno, bado analiona, akihamisha picha, kivuli chake kinabaki palepale.

"Irudishe kwenye mpangilio wake wa mwanzo," alisema mpiga chapa wao, aliyeitwa Wino kwa vidole vyake visivyotakata. "Si unajua dawa yake?"

"Naijua. Lakini nipoteze vidirisha vyangu nilivyovipanga nikavizoea? Thubutu! Haya ni mafua tu, yatapona."

"Mafua huzaa kichomi, shemeji."

"Haya, daktari wa wino, kaoshe mikono kwanza!" Wakacheka, yakaisha.

Alhamisi alikuja mfamasia wa mtaa wa pili kuchukua vikaratasi vya maelezo ya dawa ya kikohozi. Alisimama nyuma ya kiti, funguo zikilia mkononi.

"Ongeza sentensi moja mwishoni, mama. Hiyo ndiyo roho ya karatasi: *Asipewe mtoto aliye chini ya miaka miwili.* Halafu jina la dawa likuze kidogo."

Mama Kurasa akaongeza sentensi, kisha akakuza jina. Jina lilipokua, maandishi yalisukumwa chini, na ile sentensi ya mwisho ikakosa nafasi ndani ya kisanduku cha maandishi. Siku nyingine alama nyekundu ingewaka pembeni kumwonya kwamba kuna maneno yamebaki nje. Siku hiyo kioo kilikuwa kimeganda. Alama haikuonekana, na sentensi ilionekana bado ipo, kumbe ni kivuli chake tu.

"Nitoe moja tuisome?" aliuliza Wino. Ndiyo ilikuwa desturi yao: karatasi ya kwanza husomwa kwa kidole, neno kwa neno.

"Kioo si kinaonyesha? Mteja amesimama. Piga!"

Mfamasia alifurahi. Akachomoa chupa moja ya dawa mkobani, akaiviringishia kikaratasi kipya, akampa Mama Kurasa. "Ya yule kifungua mimba wako anayekohoa."

Kesho yake mchana programu ilijizima yenyewe. Ilipowaka, vidirisha vyote vilikuwa vimerudi kwenye mpangilio wa mwanzo. Mama Kurasa akasonya, akafungua kazi ya jana. Pembeni mwa kisanduku alama nyekundu ilikuwa inawaka kama kaa la moto. Chini yake, hakuna sentensi.

Wino akaokota kikaratasi kilichobaki mezani, akakisoma. "Haipo, shemeji."

Mama Kurasa akampigia mfamasia. "Usitoe hata chupa moja!"

"Boksi la vikaratasi sijalifungua. Ahsante, umeniokoa." Kisha akauliza, "Na ile yako?"

Mama Kurasa akakumbuka. Nyumbani kulikuwa na kitinda mimba wake, ambaye hata kutambaa hajajua vizuri. Akapiga simu kwa mama yake anayewalea watoto. Simu iliita hadi ikakatika. Akatoka mbio, mkoba kauacha, kiatu kimoja kikamponyoka mbele ya kinyozi, hakugeuka.

Alimkuta bibi ameketi mkekani, mtoto mapajani.

"Huyu naye kaamka anakohoa," bibi alisema. "Nikampa kijiko, kama kaka yake. Tangu hapo kalala tu."

"Mama! Mama, umempa?"

"Mbona unanipigia kelele? Nimeisoma karatasi yote, mpaka mwisho. Imenikataza wapi?"

Mama Kurasa alimnyanyua mwanawe, shingo ikalegea kama ua lililonyauka.

Hospitalini walimwekea mtoto hewa puani. Daktari akaitazama chupa waliyokuja nayo, akawageukia kwa ukali. "Dawa hii kwa mtoto huyu? Hamkusoma maelezo?"

Bibi akafungua fundo la kanga, akatoa kikaratasi. "Soma wewe, mwanangu."

Daktari akasoma. Akageuza nyuma, akarudi mbele. "Nani kaipanga hii?"

Bibi akamtazama binti yake.

"Mimi," alisema Mama Kurasa.

Jua lilikuwa linazama mtoto alipolia, kilio chembamba kama cha paka. Hapo ndipo mama yake naye alipolia.

Aliporudi kazini alivipanga upya vidirisha vyake alivyoogopa kuvipoteza. Alimaliza kabla chai haijapoa kikombeni. Hakika mdharau mwiba mguu huota tende, na mguu wenyewe waweza kuwa wa mwanao.