Kwa Nini Twabisha Hodi Kwenye Kompyuta

Chekeni tu, lakini kabla hamjabadilisha chochote kwenye kompyuta ya ofisi hii mtabisha hodi kama mimi, na mtangoja kuitikiwa. Zamani haikuwa hivyo.

Zamani hizo zana zote za kuandikia programu zilikaa chumba kimoja ndani ya kompyuta. Toleo jipya likiingia, la zamani lilitupwa nje, na hakuna aliyeuliza ni nani bado analitegemea. Hayo tuliyaita maendeleo.

Basi mjini hapa aliishi Mwasiti, mwandishi wa programu, aliyejifungua mtoto njiti, kabla ya miezi kutimia. Kichanga huyo, Tamimu, alikuwa akisahau kupumua usingizini. Mama yake akamfunga kifaa kidogo kifuani, akaandika programu ya kusikiliza pumzi kwenye kompyuta ya nyumbani. Pumzi ikikatika, kompyuta ilipiga kelele, naye Mwasiti alikimbia kuusugua wayo wa mtoto mpaka pumzi irudi.

Siku moja shemeji yake, Hamdani, aliiazima kompyuta ile kwa kazi yake. Alihitaji toleo jipya la zana ileile iliyotegemewa na programu ya Mwasiti. Akaliweka, akafuta la zamani, asimwambie mtu. Hakuwa na nia mbaya, ndivyo tulivyofanya sote. Programu ile iliita toleo lake la zamani, isilipate, ikafa bila hata kuguna.

Mchana ule nyumba ilitulia. Mwasiti alikuwa jikoni akipepeta mchele, moyo mweupe.

"Shemeji, leo mwanangu kalala vizuri! Kompyuta haijalia hata mara moja."

"Nawe pumzika basi, shemeji," akajibu Hamdani. "Hili toleo jipya nililoweka lina kasi kweli."

Ungo ukamponyoka. "Toleo gani?"

Alikimbia chumbani, akamkuta Tamimu midomo imekuwa rangi ya majivu, kifua hakipandi. Akausugua wayo, akampulizia pumzi, akasugua tena, huku akimwita kwa sauti ambayo majirani wanaiogopa hadi leo. Hamdani alisimama mlangoni. Mwishowe mtoto akakohoa, akalia.

Na tangu siku hiyo kila programu ina chumba chake na toleo lake, na anayetaka kubadilisha kitu hubisha hodi mpaka wenye kazi zao humo waitikie wote. Hamdani ndiye aliyeianza desturi hii. Ni mzee sasa, lakini nyumba ikitulia mchana huinuka kwenda kuchungulia vyumbani.

Nanyi msishukuru kompyuta ikinyamaza. Nendeni kwanza mkaangalie kama mtoto anapumua.