Bi Pimbi na Meza ya Habari

Paukwa!
— Pakawa!
Washeni televisheni!
— Imewaka!
Nani anasoma habari?
— Bwana Fisi!
Na nani kaziandika?
— ...

Mmenyamaza. Kimya hicho ndicho kinachonikera, na hadithi yangu inaanzia hapo.

Hapo zamani, tena si zamani sana, Televisheni ya Mbugani ilimwajiri Bi Pimbi, jike wa kwanza kukanyaga chumba cha habari. Moto ukiwaka, Pimbi mbio, tipu-tipu-tipu! Mto ukifurika, Pimbi mbio, tipu-tipu-tipu! Anauliza, anapiga picha, anaandika. Jioni Bwana Fisi anavaa koti, anakaa mezani, anasoma, anasifiwa. Miaka tisa!

Pimbi akiomba, "Bosi, leo nisome mimi," Fisi anacheka.

"Hii-hii! Wewe mfupi, meza itakumeza. Kanichemshie chai."

Chai! Mtu kavuka mto wa mamba kuleta habari, anatumwa chai!

Basi ukame ukaingia Bonde Kavu. Wanyama wakachanga magunia ya nyama kavu kwa ajili ya watoto wa huko. Magunia yakapotea. Pimbi akatafuta weee, mpaka siku moja akifagia studio (kufagia nako walimpa yeye), akayakuta chini ya meza ya habari! Nani angeyaona? Msomaji huonyeshwa kuanzia kifuani kwenda juu. Picha za tukio zikienda hewani, Fisi chini: kacha-kacha! Picha zikiisha, Fisi juu, kajifuta mdomo: "Mtazamaji, tuendelee."

Pimbi akaiandika habari hiyo. Fisi akaichana, charrr!

"Ushahidi uko wapi?"

"Ukipatikana, bosi?"

"Utasoma wewe! Hii-hii!"

Haya. Jioni yake Pimbi akaja kwa adabu zote. "Bosi, leo tuna picha za mkutano wa Tembo. Ni ndefu, dakika kumi nzima."

Fisi mate yakamdondoka. "Kumi? Kazi nzuri, mwanangu."

Mwanangu! Miaka tisa hakuwa mwanawe, leo kawa.

Picha zikaenda hewani. Fisi chini: kacha-kacha! Kumbe Pimbi alikuwa amezikata, zikabaki sekunde tano tu. Pwa! Studio ikarudi hewani. Watazamaji wakaona kiti kitupu, wakasikia kacha-kacha. Fisi kusikia sauti za mkutano zimekatika, akashtuka, akainuka na gunia limemnasa kichwani. Na gunia limeandikwa: WATOTO WA BONDE KAVU.

"Mwizi!" mbuga nzima ikapiga kelele. Fisi akatoka mbio na gunia lake, akajigonga mlangoni, puu!

Pimbi akapanda juu ya kiti, akasimama. "Mtazamaji, naitwa Pimbi. Habari hii nimeiandika mimi, na ninaisoma mimi."

Magunia yaliyosalia yakafika Bonde Kavu, watoto wakala. Na wakubwa wa kituo? Walikaa kikao. Fisi wakampa likizo yenye mshahara, apumzike na aibu. Pimbi wakamwandikia barua ya onyo, kwa kosa la kukata picha za mheshimiwa Tembo. Jamani!

Pimbi akaipokea barua kwa mikono miwili, akashukuru. Jioni akapanda kiti, akaisoma hewani neno kwa neno, pamoja na majina ya waliotia saini. Ndiyo ilikuwa habari ya kwanza.

Kuanzia siku hiyo hakuna aliyemgusa. Alisoma mpaka akaota mvi.

Funzo: enyi mabinti, picha za wakubwa msizikate. Ni utovu wa nidhamu.

Nami hapa nazima. Iliyekufurahisha, mhadithie binti yako. Iliyekuudhi, msalimie shemeji yako Fisi.