Jina la Chombo cha Utaridi

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo. Hadithi hii haiombi makofi, inaomba hukumu.

Huko Mrimani, pwani, palikuwa na kituo cha kuwasiliana na vyombo vya angani, na mkuu wake alikuwa Bi Zamzam. Chini yake walikuwa watu watatu. Mwaringa alijaliwa mikono: hakuna chuma kilichomgomea. Sidi alijaliwa masikio: penye kelele tupu, yeye alisikia neno. Wanjala alijaliwa kichwa: aliandika amri, na chombo kilicho mbali kikatii kama mtoto aliyelelewa vyema.

Asubuhi moja, katika nchi ya mbali, roketi iliruka na chombo kisicho na mtu ndani, safari ya Utaridi, sayari iliyo jirani na jua. Chombo chenyewe hakikuwa na jina bado. Kilipoachana na roketi kilituma taarifa moja fupi, kwamba ngao yake ya kukinga jua imetazama upande usio wake, kisha kikanyamaza. Ubavu mmoja ukawa unaungua, wa pili unaganda, na betri inakwisha. Dunia ilivyozunguka, vituo vingine vyote havikuweza tena kukiona. Kilichobaki ni Mrimani.

Na hapo ndipo dishi kubwa la kituo lilipokwama. Breki yake iling'ang'ania, na nje upepo ulikuwa unang'oa mabati.

"Nitapanda," akasema Mwaringa.

"Hupandi! Kwa upepo huu? Nimekataza."

"Bi Zamzam, ukinizuia mimi umekizika chombo."

Bi Zamzam alipogeuka kuwapigia simu wakubwa, Mwaringa alikwisha kuwa ngazini. Akaifungua breki kwa spana. Dishi likageuka kwa kishindo, likamtupa chini. Bi Zamzam alimkuta bado anapumua, akamshika kichwa hadi pumzi zikakoma. Aliporudi ndani mikono yake ilikuwa na damu.

Sidi alikuwa amevaa hedifoni, macho ameyafumba. Kompyuta zote zilionyesha mvumo mtupu. Yeye alisema upo mlio chini ya mvumo, mwembamba kama wa mbu, naye akawa anaufuata taratibu usimponyoke. Simu yake ikalia. Bi Zamzam akaipokea. Alikuwa kaka yake Sidi, yuko hospitali na mama yao mgonjwa.

"Sidi, mwanangu," akasema Bi Zamzam, "mama yako yuko ukingoni. Anataka kusikia sauti yako."

"Nikivua hizi nitaupoteza. Mwambie anisubiri kidogo."

Bi Zamzam akayasema maneno hayo kwenye simu, vilevile yalivyo. Mama hakuweza kusubiri.

Mlio ukapatikana, ikabaki amri. Umeme uliosalia haukutosha kukigeuza chombo na wakati huohuo kulipasha joto jicho lake, lile la kutafuta barafu iliyojificha katika mashimo ya Utaridi yasiyofikiwa na jua. Wanjala ndiye aliyelibuni jicho hilo tangu ujana. Kwa ajili yake hakuoa, hakujenga, kila alipoulizwa alijibu, "Nikimaliza." Likikosa joto litapasuka.

"Hakuna njia nyingine?" akauliza Bi Zamzam.

"Ipo ya kubahatisha. Ikishindikana, kinakufa chote."

Akaandika amri ya kulizima jicho. Kidole chake kikaganda juu ya kitufe, kisha kikashuka.

Chombo kikajigeuza. Sauti ikarudi, nene, safi, nacho kikaendelea na safari ya Utaridi.

Baada ya mazishi mawili, wenye chombo wakaleta neno: kiitwe kwa jina la mtu mmoja aliyekiokoa, na Bi Zamzam ndiye achague. Akawaita wahusika.

Jumwa, mjane wa Mwaringa, akasema, "Mume wangu mmenirudishia kwenye sanduku. Mwili umezikwa. Basi hata jina nalo lizikwe?"

Sidi akasema, "Shemeji, Mwaringa alipopanda alitumaini kushuka. Mimi nilijua mama anakufa, nikabaki kitini. Mkinichagua, kiitwe kwa jina la mama. Yeye ndiye niliyemtoa."

Wanjala naye akasema, "Mimi sina mke wala mama wa kulilia. Jicho lile ndilo lililokuwa langu, na nililiua kwa kidole changu mwenyewe. Tafadhali msiniambie kwamba changu kilikuwa kidogo."

Bi Zamzam akawatazama mmoja mmoja. Bila mikono, masikio yangesikia nini? Bila masikio, kichwa kingemwamuru nani? Na bila kichwa, Mwaringa na mama yake Sidi wangekuwa wamezikwa bure. Simu ikalia. Wenye chombo walikuwa wakingoja.

"Ehe, Bi Zamzam. Jina?"

Akafungua kinywa.

Haya, nyinyi mliosikiliza, mama wa watu msimwache peke yake na simu mkononi. Ingekuwa ni wewe uliyeulizwa, ungelitaja jina la nani? Na wale wawili waliobaki, ungewaambia nini machoni mwao?