Mama Ngiri na Kibali cha Maji

Hii nilipewa na shangazi yangu, Bi Mkasiwa, siku tunapukuchua mahindi. Yeye alipewa na nani sijui, hakuwa mtu wa kusema. Haya, sogeeni. Sekiete, mpishe mwenzio naye akae.

Nikisema "Chungu ki motoni," nyie semeni "Tupakulie."

Chungu ki motoni!

— Tupakulie!

Kina moto!

— Tutapuliza!

Basi. Hapo kale, kale sana, kabla ya bibi wa bibi yangu, wanyama wa bonde moja walikuwa na chemchemi yao. Moja tu. Haikuwa na mwenyewe. Ilikuwa na zamu.

Zamu yenyewe hivi. Asubuhi mwenye zamu hanywi kwanza. Anaingia majini, anazoa tope, anazoa majani yaliyooza, anatupa kando. Halafu wote wanakaa, wanangoja maji yatulie. Yakishatulia, wanakunywa. Leo Pundamilia, kesho Nungunungu, keshokutwa Mama Ngiri. Hata Kobe alikuwa na zamu. Siku ya Kobe walikunywa adhuhuri, wakamtania mpaka basi, lakini walimngoja.

Wasiozoa walikuwa watatu. Simba, maana ndiye mkubwa wa bonde. Fisi, maana ndiye askari wa Simba. Na Kiboko, maana ni tajiri, ana bwawa lake kule chini. Hao wakija kunywa wanakuja jua limeshapinda, maji meupe pee. Wakadhani maji yale yanajisafisha yenyewe.

Siku moja Simba akaita mkutano. Amebebewa udongo laini, mpana kama ungo, umechorwa maandishi.

"Ndugu zangu! Wapendwa wangu! Nimewaletea maendeleo. Bwana Kiboko huyu atatupanulia chemchemi. Maji yatafika mpaka mlangoni kwako, Nungunungu. Kazi yenu ndogo tu. Kila mtu akanyage hapa kwenye udongo, tujue amekubali."

Kiboko akacheka, meno yote nje. Fisi akapuliza filimbi, priii! "Pangeni mstari!"

Pundamilia akakanyaga. Nungunungu akakanyaga. Swala akakanyaga mara mbili kwa furaha. Ikafika kwa Mama Ngiri.

"Mzee," akasema, "huo udongo umeandikwa nini?"

"Maendeleo, mama."

"Hayo tu?"

"Mama, kusoma hujui, utaelewa nini? Kanyaga, wenzio wanangoja."

"Kusoma sijui, mzee. Kiu naijua. Nitakanyaga nikishayaona hayo maji mlangoni kwa Nungunungu."

Wenzake wakamzomea. "Mama mbishi huyu! Atatuharibia!"

Kesho yake asubuhi wanafika, lo! Chemchemi imezungushiwa boma la miiba. Ndani kalala Kiboko, tumbo majini. Mlangoni kasimama Fisi na filimbi yake.

"Kibali!" anasema Fisi.

"Kibali gani, afande? Sisi tunakuja kunywa."

"Mlikanyaga wenyewe. Udongo unasema chemchemi ni ya Bwana Kiboko, na asiye na kibali asiguse maji. Rudini nyuma!"

Sasa Mama Ngiri alikuwa na watoto wanne wananyonya. Na mama asiyekunywa, maziwa yatatoka wapi? Akaenda kwa Simba.

"Mzee, naomba kibali. Watoto wana njaa."

"Pole sana mama yangu. Kibali hakipo kwangu. Maji ni ya Kiboko, nenda kwake."

Akaenda kwa Kiboko, akasimama nje ya miiba.

"Bwana mkubwa, naomba kibali."

"Mimi mfanyabiashara, mama. Mambo ya ruhusa siyajui. Muone askari."

Akaenda kwa Fisi.

"Afande, naomba kibali."

"Mimi natumwa tu. Nenda kwa mzee Simba. Au," akaangalia huku, akaangalia huku, "una chochote cha chai?"

"Afande, mimi hata maji sina. Hiyo chai nitaipika na nini?"

Basi akarudi kwa Simba. Simba akamrudisha kwa Kiboko. Kiboko akamrudisha kwa Fisi. Siku tatu anazunguka, kwato zikamvimba.

Wanyama wakawa wanalamba umande. Wakawa wanatafuna mizizi. Nungunungu akajaribu kupenya boma, Fisi akamkamata, akampiga, akamng'oa miiba ya mgongoni. Akaambiwa ashukuru hakufungwa.

Lakini kule ndani hakuna anayezoa. Majani yanaanguka, yanaoza. Kiboko anagaagaa, tope linapanda. Siku ya tatu maji yamekuwa kahawia. Siku ya tano mazito kama uji. Siku ya saba jicho la chemchemi likaziba kabisa. Kule chini bwawa la Kiboko, lililopata maji kutoka chemchemi hiyohiyo, nalo likakauka, likapasuka nyufa.

Jua likapinda, Simba akaja kunywa kama kawaida yake. Akatia ulimi. Tope! Akatema.

"Nani kayaharibu maji?"

Fisi akamtazama Kiboko. Kiboko akamtazama Fisi. Hakuna aliyejua, maana hawakuwahi kuamka asubuhi wakaona kazi inavyofanywa.

Simba akaita mkutano tena. Sauti tamu ileile.

"Ndugu zangu! Wapendwa wangu! Kuzoa tope ni kazi ya kila mpenda bonde. Ingieni mzoe!"

Nungunungu akainuka mbio, kiu imemzidi. Mama Ngiri akamshika.

"Ngoja kwanza."

"Ningoje nini? Mtoto wako wa mwisho hata kulia hawezi! Twende tukazoe, tupate hata tone!"

Mama Ngiri akamwangalia yule mtoto. Kweli, macho yamefumba, ubavu unapanda na kushuka pole pole. Wajukuu zangu, pale ndipo palikuwa pagumu. Akameza mate, lakini mate hayakuwepo.

"Tukizoa leo hivi hivi," akamwambia, "kesho tutafukuzwa, na keshokutwa atakufa wa kwako." Kisha akamgeukia Simba. "Mzee, tuko tayari. Ila tunaogopa sheria. Asiye na kibali asiguse maji. Kibali cha kuzoa tope kiko kwa nani?"

"Kwangu!" akanguruma Simba.

"Aka! Chemchemi ni yangu," akasema Kiboko. "Kibali natoa mimi!"

"Mlangoni nipo mimi!" akasema Fisi. "Natoa mimi!"

 Kisha Kobe akasema taratibu, "Kumbe mnacho wote watatu. Na huyu mama mmemzungusha siku tatu."

Swala akakaa chini. Pundamilia akakaa chini. Nungunungu naye akakaa chini, analia. Hakuna aliyekwenda kuzoa.

Simba akanguruma, hawakuinuka. Fisi akapuliza filimbi mpaka koo likamkauka, na maji ya kulowesha koo hakuna. Ndipo Simba akauliza kwa sauti ndogo, "Mnataka nini?"

"Huo udongo uleteni hapa," akasema Mama Ngiri.

Ukaletwa. Akauweka chini, akaukanyaga ukasagika, alama za wote zikapotea. Fisi akang'oa boma kwa meno yake mwenyewe, miiba ikamchoma midomo. Kiboko akavutwa na wanyama kumi kutoka kwenye tope.

Kisha Mama Ngiri akapiga magoti, akazoa. Akazoa, akazoa, mpaka jicho likafunguka. Wakangoja maji yatulie. Wa kwanza kunywa wakawa wale watoto wanne, na yule wa mwisho akafumbua macho.

Simba naye akapangiwa zamu. Alizoa siku moja. Siku ya pili akasema ana kikao.

Ndiyo maana ngiri ana sugu magotini hadi leo. Ukimwona amepiga magoti, usidhani anamsujudia mtu. Yuko kazini.

Na nyie mshike hili. Mkubwa akikwambia weka alama yako hapa, muulize imeandikwa nini. Akikasirika, jibu umeshalipata.

Hadithi yangu imetua. Anayeitaka ampe mwenziwe, asiyeitaka aiache, itajua pa kwenda. Haya Mwantumu, rudishia mlango. Laleni sasa, wajukuu zangu, kesho zamu ya kuteka maji ni yenu.