Kalunde Atoa Sumu Mezani kwa Tajiri

Mgeni kutoka nchi ya theluji alikuja Tabora kutafuta asali ya kupeleka kwao. Tajiri Mihambo, mwenye ghala kubwa la asali, alimkaribisha nyumbani. Kalunde, mrina asali ambaye madumu yake yalikosa mnunuzi tangu masika, aliomba naye amwone mgeni.

“Utaandaa meza,” alisema Mihambo. “Ukiongea neno moja, nakutoa nje.”

“Sawa, bosi. Mdomo nitautumia kuonjea tu. Si lazima anayeandaa aonje kwanza, atoe sumu?”

“Toa sumu, kisha nyamaza.”

Kalunde alionja chai, akatabasamu. Akaonja karanga, akatabasamu. Alipofika kwenye asali ya Mihambo alichota kijiko, akakitazama, akakirudisha taratibu, kisha akarudi nyuma hatua mbili.

Mgeni alisukuma sahani mbali. “Mbona mama huyu haonji hii?”

Kalunde alitazama dari.

“Sema, mama!” Mihambo alifoka, jasho likimtoka. “Mwambie mgeni asali yangu ina nini!”

“Haina kitu, mgeni wangu,” alisema Kalunde. “Nzuri kabisa. Ila mimi nimezoea hii.” Akatoa chupa ndani ya khanga.

Mgeni alicheka, akaisogeza chupa kwa Mihambo. “Mwenyeji, toa sumu.”

Mihambo alionja ili aikosoe. Akaonja tena. Kisha akalamba kijiko mbele na nyuma.

Mgeni akamgeukia Kalunde. “Mama, una madumu mangapi?”