Kitundu Kinachoachwa Ukutani

Nyamazeni kidogo, maana leo nimekasirika, na nikikasirika huwa nasimulia vizuri. Mkamwana wangu huyu, aliyeolewa kwetu juzi, ameziba kitundu cha ukutani kwa tambara, ati upepo unaingia! Simlaumu sana, kwao hawana kinamasi. Lakini nyumba zote mnazoziona pembezoni mwa kinamasi hiki zina kitundu kama hicho, chini karibu na sakafu, upana wa kidole gumba, na hakuna fundi wa kwetu anayekandika ukuta akakisahau. Sikilizeni basi kilikotoka.

Zamani sana, kabla ya babu wa babu zetu, Kiangazi alikuwa akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Alitokea upande wa mawe, mrefu, mkimya, amejitanda vumbi, na kila alipokanyaga maji yalirudi nyuma. Hakuna aliyempenda. Watu walipomwona kwa mbali walifunga mizigo wakakimbia kuyafuata maji hadi ziwani, wakimtukana njia nzima. Samaki nao walikimbia. Wengi walifia njiani, watu kwa samaki, maana Kiangazi alikuwa na hatua ndefu kuliko zao. Mwaka uliofuata wakafanya vilevile.

Siku hizo Kamongo, yule samaki wa topeni, alikuwa na mapezi mapana, na hakuna samaki aliyemshinda kwa mbio. Mwaka mmoja Kiangazi alikuja mapema. Samaki wengine wakaondoka, Kamongo akabaki, kwa sababu watoto wake walikuwa bado wadogo mno kwa safari. Kiangazi alipofika, maji yaliyobaki yalikuwa dimbwi tu katikati ya matete. Kamongo alitetemeka. Jamani, nani asingetetemeka? Lakini hakutukana. Alisema, "Karibu, mzee. Pole na safari."

Kiangazi akasimama. Tangu dunia iwepo hakuwahi kukaribishwa na mtu wala mdudu. Aliinama hadi uso wake ukagusa maji, na matete yote yakanyamaza.

"Wewe hukimbii?"

"Nina watoto, mzee. Nikimbilie wapi? Niambie unachotaka, nione kama ninacho."

"Nataka ardhi ilale," Kiangazi alisema. "Imezaa, imechoka. Kila mwaka nakuja kuilaza, na nyinyi nyote mnaniita muuaji. Nipe hayo mapezi unayokimbilia, kisha ulale pamoja na ardhi."

Kamongo akampa. Yakabaki yale manyuzi mnayoyaona mpaka leo, membamba kama utambi wa taa. Kiangazi naye akampulizia pumzi kifuani, akamfundisha kuchimba tope, kujikunja, kujifunika kwa ute wake mwenyewe, na kuacha kitundu kimoja cha kupumulia. Watoto wakamfuatisha baba yao. Tope likakauka juu yao wote, na Kiangazi akaendelea na safari.

Sasa, mwaka huohuo, mwanamke mmoja aitwaye Nyangeta alikuwa amejifungua siku chache kabla watu hawajahama. Hakuweza kutembea. Mumewe, Mafuru, alikuwa na mama mzee asiyejiweza, na mgongo wa kubebea ulikuwa mmoja. Akambeba mama. "Nitarudi kukuchukua," alimwambia mkewe, na hakuweza kumtazama usoni. Nyangeta akabaki na kichanga chake cha kike na vibuyu vya maji, katika kijiji kisicho na hata kuku.

Upepo wa moto uliingia kibandani, na mtoto analia. Nyangeta alijikokota hadi kinamasini, akachimba mabonge ya udongo, akayapachika kati ya fito, akayaziba kwa tope la mwisho alilolipata. Hakujua kwamba bonge moja lilikuwa na mwenyewe ndani.

Mafuru hakurudi. Vibuyu vikakauka, mizizi ya yungiyungi aliyokuwa akichimba ikawa ya kutafuta kwa shida, na siku moja, jua la utosini, uvumilivu ukamwishia. Alimfunga mtoto mgongoni. "Heri nife nikitembea kuliko kufa nimekaa," alisema, akashika mlango. Hapo ndipo ukuta ulipovuta pumzi.

Alidhani ni upepo. Ukuta ukatulia muda mrefu, hata akajicheka, kisha ukapumua tena, taratibu, kama mtu aliye katika usingizi mzuri. Nywele zilimsimama Nyangeta, lakini miguu haikukimbia. Alipiga magoti, akakiona kitundu chini ya ukuta, akakitegea sikio. Hewa ya ubaridi ikamgusa shavu.

"We uliye humo," alinong'ona, "huoni kiu?"

Ilikuja pumzi nyingine tu, bila haraka yoyote.

Alikaa palepale hadi jua likapoa. Mtoto aliacha kulia, akawa anapumua sawa na ukuta, na baadaye Nyangeta akajikuta naye anapumua vivyo hivyo. Kuanzia hapo aliacha kushindana na Kiangazi. Mchana walilala wote watatu, wawili sakafuni na mmoja ukutani. Alfajiri aliamka, akachimba mizizi, akakinga maji kidogo yaliyojikusanya shimoni usiku, akarudi ndani kabla jua halijachoma. Hakulaani tena. Maziwa yake hayakukauka.

Mvua ya kwanza ilipiga ukuta ule jioni moja. Udongo ukalainika, ukavimba, ukapasuka, na mbele ya macho ya Nyangeta ukuta ukazaa samaki! Kamongo alianguka sakafuni, amekonda, amejaa tope, akatulia kidogo kama anayemtazama. Kisha akajiburuta nje kwenye mvua kuelekea kinamasini, na huko, kila mahali, ardhi ilikuwa inafunguka na watoto wake wanatoka wazima.

Mafuru alirudi na mvua hiyohiyo. Mara nyingi alijaribu kurudi, jua likamrudisha nyuma. Mama yake alikuwa amefia njiani. Sasa alikuja na jembe begani, kwa sababu alikuja kuzika. Alimkuta mkewe mlangoni, mtoto ananyonya. Jembe likamtoka mkononi, akaketi kwenye matope akalia kwa sauti.

"Nani alikaa nawe?" aliuliza alipoweza kusema.

Nyangeta akamwonyesha ukuta uliobomoka.

Na tangu siku hiyo watu wa kwetu hatuhami. Kiangazi akifika tunamwambia karibu, mzee, pole na safari. Tunaweka kando ngoma na harusi na kesi za mipaka, tunalala mchana, tunaiacha ardhi ipumzike, wala hatumtukani mgeni anayefanya kazi yake. Kamongo naye analala na manyuzi yake. Udongo wa kujengea bado tunauchimba kulekule kinamasini, kwa hiyo kila anayekandika ukuta anaacha kitundu.

Haya, mkamwana, toa hilo tambara, mama. Nyumba yako ni mpya, mvua bado, na hatujui mmejenga na nani.